Maji ya Krismasi Katika Bwawa la Machi

Nyinyi mnaoanza kazi leo mna raha. Kompyuta zenu zinawasahihisha kabla hamjakosea, na zikishindwa, kuna mtu kwenye simu ambaye hamjawahi kumwona anayewaambia mzime na mwashe tena. Mimi nilikosea peke yangu, kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, nikiwa nimekunywa chai na kushiba mandazi. Sikuwa na wa kumlaumu ila sistimu, nami niliilaumu kwa bidii kwa siku kadhaa.

Naitwa Roda, mtu wa kijiji cha Bahati, na kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa hesabu za maji katika ofisi moja mjini Nakuru. Jina la ofisi silitaji kwa kuwa bado nachukua pensheni yake. Wenzangu waliniita Madam Kompyuta, heshima ambayo mtu hupewa akiwa ndiye pekee anayejua kuwasha printa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nailisha programu mvua, nayo inanitolea maji. Nikiiambia kwamba kwenye milima ya Mau kumenyesha kiasi fulani, inapiga hesabu kwa dakika arobaini huku mashine ikinguruma, kisha inatangaza mto utapanda hivi na bwawa litajaa vile. Wataalamu walioileta walikaa wiki mbili katika hoteli nzuri, wakatufundisha siku tatu, wakatuachia kitabu cha maelezo kinene cha kutosha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nacho kiliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Sasa vumilieni jambo moja tu la kitaalamu. Programu ya aina hii inataka vitu viwili kabla ya kuanza. Kwanza inataka hali ya mwanzo: bwawa lina maji kiasi gani, udongo umelowa kiasi gani, mto unapita vipi. Pili inataka data ya mvua, siku baada ya siku, kuanzia hapo. Vyote viwili vimepigwa muhuri wa tarehe na saa, na mihuri hiyo lazima ikutane. Fikirini mtu anayesimama mlangoni kwenye harusi akihesabu wanaoingia. Hesabu yake ni safi kabisa, lakini kama hajui walikuwa wangapi ndani alipofika, pilau haitatosha. Mihuri isipokutana, programu inagoma. Inaandika mstari mwekundu kwamba tarehe ya hali ya mwanzo hailingani na tarehe ya kwanza ya data, halafu inanyamaza.

Mara ya kwanza kugomewa ilikuwa mapema mwaka wa 2007, na tofauti ilikuwa saa tatu tu. Mashine ya wataalamu ilikuwa imewekwa saa za Uingereza, na mvua yetu ilikuwa na saa za Nakuru, ambako jua huchomoza bila kuomba ruhusa London. Njia ya haki ilikuwa kuzirudisha faili zote kwenye saa za mahali pamoja. Kitabu kilieleza namna, ila kitabu kilikuwa kazini mlangoni. Basi nikafungua faili ya hali ya mwanzo, nikafuta saa iliyoandikwa, nikaandika ile ambayo programu ilitaka kuisikia. Ikakubali mara moja. Bwawa halijali tofauti ya saa tatu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na hiyo ndiyo bahati mbaya kubwa iliyonipata katika kazi hii.

Mkubwa wangu, tuliyemwita Injinia tu, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa mtu mwema aliyependa grafu kuliko mito.

"Madam, si ilikuwa imekataa? Umeifanyaje?"

"Nimeilinganisha," nikasema.

"Unaona sasa! Wewe ndio unabeba hii ofisi. Hawa wengine ni kuandika barua tu."

Kichwa kikanivimba. Tangu siku hiyo, kila mstari mwekundu ulipotokea, nililinganisha. Siku moja hapa, siku mbili pale. Nilikuwa nimegundua kwamba ugomvi wowote na tarehe unamalizwa kwa kufuta tarehe, na nikashangaa wataalamu walivyopoteza kurasa zote zile.

Mtu aliyejaribu kunifundisha adabu hakuwa amegusa kompyuta maisha yake yote. Aliitwa Mama Tabitha, msoma mvua wetu wa Keringet, juu kule Mau, mjane mwenye shamba la viazi na pareto kidogo. Kila asubuhi saa tatu kamili alitoka hadi uwanjani kwake, akafungua kipimamvua, ile ndoo nyembamba ya shaba yenye faneli juu na chupa ndani, akamimina maji kwenye glasi yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akaandika kwenye daftari. Mwaka huo huo wa 2007 nilitumwa kumkagua. Mimi, niliyeiona mvua kwenye skrini, nilitumwa kumkagua yeye.

"Hii ya leo," nikamwambia kwa sauti ya kikaguzi, "mbona umeiandika tarehe ya jana?"

"Kwa sababu ni ya jana. Ilinyesha jana jioni na usiku. Mimi nimeipima tu leo."

"Na hapa umeandika sufuri. Kama hakukunyesha, si ungeacha wazi?"

Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Madam, sufuri ni kusema nilienda nikakuta hakuna kitu. Nikikosa kwenda, naweka kistari. Sasa wewe ukiacha wazi, nani atajua ulikuwa wapi?"

"Na vistari viko wapi?" nikauliza huku nikipekua kurasa, nikitumaini kumpata.

"Hakuna. Mimi huenda kila siku."

Niliporudi mjini niliandika katika ripoti ya ukaguzi kwamba msomaji wa Keringet anaonyesha maendeleo mazuri. Nikilikumbuka neno hilo, maendeleo, naona haya hata nikiwa peke yangu jikoni.

Sasa bwawa. Chini ya Keringet, ukielekea Molo, kulikuwa na bwawa la udongo la enzi za walowezi. Lilikuwa na njia ya pembeni ya kumwagia maji ya ziada, lakini ilikuwa imeziba kwa matope na vichaka kwa miaka mingi, tatizo ambalo ofisi yetu ililishughulikia kwa kuandika barua. Kwa hiyo maji yalibaki na njia moja tu ya kutoka: mlango wa chuma chini ya tuta, unaoinuliwa kwa kuzungusha hendeli ndefu. Desemba ya 2007 hendeli hiyo ilikuwa imepinda. Tuliteremsha maji mpaka mita mbili na nusu kwenye rula ya bwawa, yaani ule mti wenye namba uliosimikwa majini, ili mlango uangaliwe. Bwawa lenyewe hujaa kwenye mita sita. Bwana Harbans, mzee wa Kisikh mwenye karakana karibu na reli, ambaye hakuna chuma kinachozunguka Nakuru ambacho hakijapita mikononi mwake, alifunga mlango, akaing'oa hendeli, akaenda nayo mjini kuinyoosha. Mimi nikahifadhi hali ya mwanzo kwenye mashine: mita mbili na nusu, mkesha wa Krismasi. Tukatakiana heri. Injinia akasema tutaonana mwaka mpya ukianza.

Hatukuonana. Mnajua kilichotokea baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, na kama hamjui waulizeni wazazi wenu, mkiweza kuvumilia kimya kitakachofuata. Mimi nilikuwa Bahati, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na tisa, nikijifunza kutofautisha moshi wa jikoni na moshi wa aina nyingine. Niliogopa. Sina namna ya kulipamba hilo. Niliogopa asubuhi, nikaogopa jioni, kwa wiki nyingi, na nilipoacha kuogopa ni kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ofisi ilifunguliwa nusu nusu mwezi wa pili, na kamili mwezi wa tatu, baada ya wakubwa kupeana mikono kwenye televisheni na sisi kuambiwa turudi kazini, kana kwamba tulikuwa tumetoka likizo.

Injinia alirudi amekonda na ana haraka. Mvua za masika zilikuwa zinabisha hodi Mau. Chini ya lile bwawa, kwenye uwanja wa tambarare kando ya mto, familia zilizofukuzwa makwao zilikuwa zimepiga mahema, na chifu wa huko alitaka kujua jambo moja: je, mvua zikianza watu hawa wako salama hapo, au wahame tena?

"Madam, nataka jibu kufikia Ijumaa," Injinia akaniambia. "Huyu chifu ananipigia simu asubuhi, mchana, jioni."

"Hatuendi kuangalia bwawa kwanza?"

"Gari haina tairi. Na hiyo barabara unaijua wewe mwenyewe. Si ndio maana tuliletewa sistimu?"

Nilipaswa kubisha. Badala yake nilishukuru kimoyomoyo. Barabara ilikuwa imefunguliwa, lakini mimi sikuwa nimefunguka, na kupita Salgaa kwenda juu lilikuwa jambo nililokataa hata kulifikiria. Hapo ndipo mjue, vijana, kwamba mambo mengi mnayoelezwa kuwa ni ya kitaalamu ni woga uliovaa koti.

Basi nikawasha mashine. Hali ya mwanzo: mkesha wa Krismasi. Data ya mvua, kutoka vituo vilivyokuwa vimefufuka: kuanzia Machi. Mstari mwekundu ukatokea. Tarehe hazilingani. Safari hii tofauti haikuwa saa tatu, ilikuwa karibu miezi mitatu, na miezi ipi! Ofisi nzima ilikuwa imeambiwa isahau na iendelee, na ofisi nzima ilikuwa imeitikia ndiyo. Programu ile, isiyo na macho wala ndugu, ilikuwa ndiyo pekee kati yetu iliyokataa kujifanya kwamba Krismasi na Machi ni siku zinazofuatana. Nikaukomesha ukaidi wake. Nikafungua faili, nikafuta Desemba, nikaandika Machi.

Grafu ilitoka nzuri sana. Nilichagua rangi ya samawati. Ilionyesha bwawa la mita mbili na nusu likipanda kwa utaratibu, kwa heshima zake, na kutofika hata mita nne mwezi mzima. Injinia akaandika barua kwa chifu kwamba bwawa liko mita mbili na nusu, lina nafasi ya kutosha na wananchi wasiwe na wasiwasi wowote. Akatia sahihi. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina langu kama mtayarishaji wa hesabu. Nililitazama jina hilo kwa fahari, nikaenda kunywa chai.

Siku nne baadaye, tukijiandaa kwenda kula mchana, Mama Tabitha aliingia ofisini. Alikuwa amevaa gambuti na sweta ya mtu mwingine, na mkononi alishika karatasi ya nailoni ya mkate iliyofungwa kwa kamba. Niliruka kutoka kitini. Nilifurahi kumwona, na papo hapo nikashikwa na aibu, kwa sababu muda wote ule sikuwa nimeuliza hata siku moja kama yu hai. Nilikuwa nimeona tu kwamba data ya Keringet haiji.

"Mama Tabitha! Karibu, karibu. Uko salama?"

"Niko. Hii barua chifu alitusomea jana ni yenu?"

"Alikusomea? Kwani wewe unaishi..."

"Hapo kwa mahema. Tangu Januari. Ni yenu?"

"Ni yetu, Mama. Keti kwanza nikupatie chai."

"Chai itangoja. Hapa mnasema bwawa iko mita mbili na nusu. Nani aliiona?"

"Kompyuta imepiga hesabu kwamba..."

"Kompyuta ilienda huko siku gani?"

Akafungua ile nailoni, akatoa daftari, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya grafu ya samawati.

"Leo nimesoma mvua saa tatu, nikapitia kwa rula, ndio nikapanda lori ya viazi nikakuja. Mita tano na sentimita themanini. Hiyo yenu, Madam, ni maji ya Krismasi."

Nikalisoma daftari nikiwa nimesimama. Alipokimbia Keringet alikuwa amebeba mjukuu, blanketi na kipimamvua. Sijui kama mnaelewa. Watu walibeba televisheni, watu walibeba kuku, watu hawakubeba kitu. Yeye alibeba ndoo ya shaba ya ofisi na ile glasi, amezifunga kwenye kanga. Kwenye safu ya maelezo, siku za mwanzo za Januari, aliandika: "Kipimamvua kimehamishwa. Uwanja wa kanisa." Siku kadhaa mbele: "Kimehamishwa tena. Mahemani, karibu na michongoma." Kila siku ilikuwa na namba yake. Sufuri nyingi, halafu mvua kidogo, halafu sufuri. Na tangu alipofika mahemani aliongeza namba nyingine pembeni, urefu wa maji kwenye rula ya bwawa. Mita tatu. Mita tatu na nusu. Mita nne. Mlango ulikuwa umefungwa, hendeli iko Nakuru, wenye mashamba waliokuwa wakiteka maji wametawanyika, na chemchemi za Mau hazikuwa zimeambiwa zisimame.

"Nani alikwambia uendelee kusoma?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu aliniambia niache."

"Na mbona hukupiga simu?"

"Simu iliungua na nyumba," akasema, kama mtu anayeeleza kwamba betri imeisha.

Sentimita ishirini ndizo zilizobaki. Tuta la udongo halihitaji mengi. Maji yakishaanza kupita juu yake yanalikata, na likishakatika yote yanashuka kwa pamoja. Na chini yake tulikuwa tumewaandikia watu, kwa muhuri, walale usingizi.

Nikakimbia kwa Injinia na daftari mkononi. Alilisoma, akakaa, akasimama, akakaa tena. Kwa kumtendea haki niseme hakubishana. Alichukua simu akamwambia chifu, "Hiyo barua yangu ipasue. Watu wapande mlimani, sasa hivi," na alipoulizwa sababu alisema ofisi imekosea. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla, wala baada.

Bwana Harbans tulimkuta karakanani akila chapati. Hendeli ilikuwa imening'inia ukutani, imenyooka, imepakwa grisi, na kijikaratasi chenye jina la ofisi yetu kimefungwa kwa waya.

"Iko tayari tangu Januari," akasema. "Nimepiga simu kwenu, nimepiga, nimepiga, hakuna mtu anashika. Nikasema basi, labda hii watu wamechoka na bwawa yao."

"Mzee, tunaihitaji leo."

"Leo saa ngapi?"

"Sasa."

Aliiacha chapati. Tukapanda pikapu yake, yeye kwenye usukani, mimi mlangoni, Mama Tabitha katikati na hendeli imelala miguuni mwetu. Tulipofika Salgaa malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida, madereva wanachagua nyama buchani, na mimi nikaanza kutokwa jasho. Baada ya hapo nilitazama kila kona kana kwamba itanirukia. Mama Tabitha, aliyekuwa amezipita barabara za huko juu na mjukuu mgongoni wakati ambao sitaki kuufikiria, akaniwekea mkono kwenye goti.

"Angalia mbele, Madam. Ni barabara tu."

Bwawa lilikuwa limejaa kama karai lililosahauliwa chini ya mfereji. Upepo ulikuwa ukirusha mawimbi madogo juu ya tuta, na juu ya Mau mawingu yalikuwa meusi tii. Bwana Harbans alitaka kuzungusha hapo hapo. Ilibidi tumzuie, kwa kuwa maji ya mlango nayo yangeteremkia uwanja ule ule. Watu kwanza. Nikasimama pembeni ya njia nikiwatazama wakipanda na magodoro, sufuria, mbuzi, watoto waliofungwa mgongoni. Walikuwa wamehama mara moja zaidi ya inavyostahili mtu kuhama katika mwaka mmoja. Mama mmoja alisimama mbele yangu na jiko lake kichwani.

"Si nyinyi mlisema hakuna shida?"

"Tulikosea," nikamjibu.

Mama Tabitha alisaidia kutoa hema la mwisho, kisha akanigeukia. Kipimamvua kilikuwa kimesimama penye uwazi, ukingoni mwa uwanja, karibu na ua wa michongoma.

"Na hiki?"

"Kiache tu, Mama. Hakitakiwi kuguswa kabla ya saa tatu kesho, na hiyo mvua inayokuja tunaihitaji. Maji hayafiki hapo."

"Umepima?"

"Hayafiki."

Akanitazama kidogo, akakiacha. Naam, wanangu. Baada ya yote hayo, saa chache tu baada ya yote hayo.

Bwana Harbans alizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, mlango ukaachia, na maji yakaanza kutoka kwa mngurumo. Mvua ilifika kabla ya giza na haikukata mpaka karibu na alfajiri. Tulipoishuka njia asubuhi, tuta lilikuwa limesimama. Rula ilisoma mita tano na nusu, baada ya mlango kuwa wazi tangu jana jioni. Bwana Harbans aliitazama namba hiyo, akavua kilemba chake kilicholowa, akakikamua, akakifunga upya. Hakuna aliyekufa. Hakuna mtoto aliyepotea. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa nikalia, na sikujali nani ananiona.

Ilipokaribia saa tatu Mama Tabitha aliteremka uwanjani na glasi yake. Nikamfuata. Ua wa michongoma ulikuwa umelala chini kama uliochanwa kwa kitana, na pale penye kipimamvua palikuwa na matope laini, safi, yasiyo na kitu. Maji ya mlango yalikuwa yamefika, yakapita, yakaenda zake. Tulitafuta kando ya mto mbali sana, hatukukiona. Alikiokoa kutoka kwa watu waliokuja na viberiti, akakibeba, akakilinda uwanjani pa kanisa, halafu nikamwambia mimi, mtaalamu, akiache.

"Mama, nisamehe."

Aliangalia saa yake ya mkononi. Alingoja mpaka ikawa tatu kamili, akafungua daftari, akaandika.

"Lete kingine," akasema.

Nilimletea mchana ule ule, kabla ya tone jingine kunyesha. Na niliporudi Nakuru nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nanyi mkifanye mkikutana na mstari mwekundu. Msiiguse tarehe. Nendeni mkapime upya hali ya leo, au kama hamwezi, anzeni na ile hali ya zamani katika siku yake halisi, muilishe programu mvua ya kila siku iliyopita katikati, siku moja moja, mpaka mfike mlipo. Inachukua muda. Inachosha. Mimi nilirudisha mkesha wa Krismasi mahali pake, nikaingiza daftari la Mama Tabitha ukurasa kwa ukurasa, nikaiambia programu kwamba mlango umefungwa na hakuna anayeteka. Ilipofika asubuhi ile aliyoniletea daftari, ilitoa mita tano na sentimita sabini na tisa. Ilikuwa na akili zake timamu siku zote.

Kisha ikafika siku iliyofuata ikagoma, kwa sababu ya mvua ya usiku ule, mvua kubwa kuliko zote za msimu, ambayo hakuna ajuaye ilikuwa kiasi gani.

"Weka makadirio hapo, Madam," Injinia akaniambia. "Namba yoyote tu, iendelee."

Sikuweka. Aliniuliza mara mbili, kisha akaenda zake, na mstari mwekundu ukabaki kwenye skrini yangu mpaka jioni.

Nakala ya daftari lile iko nyumbani kwangu Bahati, na anayetaka kuiona aje. Siku nyumba yake ilipochomwa kuna namba. Siku alipolala uwanjani pa kanisa kuna namba. Kistari kiko kimoja tu, na mbele yake, kwenye safu ya maelezo, ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: "Kipimamvua kimechukuliwa na maji ya ofisi."